Vidonge vya Mgeni na Kikombe cha Kando

Akina mama, amani iwe kwenu, na kwa mama mwenye nyumba hii aliyetukaribisha. Naomba nishuhudie nikiwa nimekaa. Si kiburi. Nimepandisha kutoka sokoni na mzigo, magoti yamegoma, na neno lenyewe ni refu. Mwenyekiti aliponiambia kwamba Alhamisi hii zamu ni yangu, nilitaka kumwambia nina mafua. Miaka yote hii nimeimba nanyi, nimepika nanyi misibani, na jambo hili sijawahi kulisimulia lote. Nimechoka kulibeba. Kwa nini nimeamua kulitua leo na si siku nyingine, nitawaambia mwishoni.

Hizi alama mashavuni mwangu mnazijua. Wengine mnadhani ni tetekuwanga. Mmoja wenu aliwahi kuniuliza kama niliungua na mafuta ya maandazi, nikamjibu ndiyo, kwa sababu ndiyo ni neno fupi. Dada, unisamehe. Sikuungua.

Enzi hizo lami ilikuwa haijafika Karatu, vumbi la barabara linaingia hadi kwenye sahani. Mimi nilikuwa msichana wa kutoka Buger, nimemaliza darasa la saba, nikapata kazi ya kusafisha vyumba kwenye loji moja huko juu, njia ya kwenda geti la Ngorongoro. Loji yenyewe ilishafungwa, msiniulize ni ipi. Tulikula vizuri, tulilala nyumba ya wafanyakazi nyuma ya jiko, na nikipata ruhusa nilishuka Jumapili kuimba kwaya.

Sasa pale loji kulikuwa na jambo tuliloliita mgao. Wageni wakiondoka huacha vitu: shampuu nusu chupa, soksi, betri, vitabu, na dawa. Wazungu, nawaambia, husafiri na dawa kama sisi tunavyosafiri na unga. Sheria ya meneja ilikuwa kila kilichoachwa kipelekwe mapokezi. Lakini vitu vidogo tulivitia kwenye boksi chini ya ngazi, na Jumapili jioni tunagawana. Dawa tuligawana kwa kubahatisha. Mmoja wetu aliyefika kidato cha pili ndiye alikuwa daktari wetu. Anasoma jina, anakunja uso, anasema, "Hii ya tumbo." Tunaamini. Kidonge kikiwa cheupe na kina mstari katikati, basi ni cha kichwa. Mnacheka. Chekeni tu, hata mimi nilicheka wakati ule. Hakuna aliyekufa, tukaona tunajua.

Mimi nilikuwa na chunusi. Si zile za kumwambia msichana zitaisha ukizaa. Zilikuwa kubwa, za ndani, zinauma hata nikilalia mto. Nilipaka limao, nikapaka dawa ya meno, nikapaka majivu, nikapaka vitu ambavyo sitavitaja mbele ya mama mchungaji. Na nilikuwa na mchumba. Mkulima wa vitunguu huko Baray, mtu wa kanisani, mpole. Washenga walikwisha kuja kwetu mara mbili. Ilisemwa harusi itakuwa vitunguu vikishauzwa. Nilikuwa nataka jambo moja tu duniani, niingie kanisani siku hiyo na uso wa kutazamika.

Basi akaja mgeni, mama wa Kizungu na binti yake. Binti alinikuta natandika kitanda, akanitazama usoni, nami nikamtazama. Hakujua Kiswahili na mimi Kiingereza changu kilikuwa cha "gud moningi" na "taulo". Akatoa picha yake ya zamani, akanionyesha. Ndugu zangu, uso wa kwenye ile picha ulikuwa wangu! Chunusi zile zile. Na aliyesimama mbele yangu ni laini, ana alama kidogo tu. Akaninyooshea kidonge, akagusa shavu lake, akanyoosha kidole kimoja. Siku walipoondoka nilikuta ameweka juu ya mto pakiti nzima ya makaratasi ya vile vidonge, na peremende juu yake. Kwake ilikuwa wema, na mpaka leo simlaumu.

Ile pakiti sikuitia kwenye boksi la mgao. Huo ndio mwanzo wa kuficha. Vilikuwa vidonge laini, ukivibonyeza vinaingia ndani kama kunde iliyolowekwa. Na mgongoni mwa karatasi, nyuma ya kila kidonge, kulichorwa mwanamke mwenye tumbo la mimba, na mstari mwekundu umempita. Mwenzangu niliyelala naye chumba kimoja aliiona, akashika kiuno. "Shoga! Hivi si vya uzazi wa mpango? Nigawie karatasi moja, mume wangu kule nyumbani hanipi nafasi ya kupumua." Nikamnyima. Nikamwambia si vyangu, navitunza. Sikumnyima kwa hekima, nilimnyima kwa uchoyo, na huo uchoyo mtaona baadaye ulifanya nini.

Lakini neno lake liliniingia. Nikawaza, msichana wa kwaya, hajaolewa, akikutwa na karatasi zenye picha hiyo, atasema nini? Nani atakubali kwamba ni za uso? Nikazishona ndani ya mto wangu.

Nikaanza kumeza. Kimoja kwa siku. Midomo ikakauka hadi ikapasuka, pua ikawa inatoa damu nikiinama kupiga deki. Nikavumilia. Mwezi ukapita, chunusi zikaanza kusinyaa. Mpishi akaniambia, "Wewe siku hizi unapaka nini?" Nikasema maji. Nilipokutana na mchumba wangu mnadani alinitazama mpaka akasahau bei aliyokuwa anataja. Hiyo ilikuwa furaha yangu yote, akina mama, wiki kama mbili hivi.

Ndipo vikaja vipele. Havikuwa chunusi, ingawa mimi niliviita chunusi. Vilikuwa vidogo, vyekundu, vimekaa kwa mafungu, vingine vina usaha kwenye ncha, vinawasha kiasi cha kukutoa machozi. Usoni, kifuani, mgongoni, mikononi juu. Nilijikuna kwa kitana. Nilijikuna kwa gunzi. Na mimi kwa akili zangu nikasema chunusi zimerudi na hasira, dozi ni ndogo. Nikaanza kumeza viwili.

Nikaenda zahanati. Wakanipeleka hospitali ya misheni, wakatoa damu. Mtu wa maabara akaandika kwamba chembe fulani za damu zimepanda sana, zinaitwa eosinofili. Nilimuuliza ni nini, akasema ni askari wa mwili, hutoka kwa wingi wakiona minyoo, au wakiona kitu mwili usichokipenda. Kwetu huku ukisema askari hao wamepanda, jibu ni minyoo. Nikapewa dawa ya minyoo. Tabibu kabla hajaandika aliniuliza, "Unatumia dawa yoyote nyingine?" Nikasema hapana. Nilisema haraka, kabla hajamaliza swali.

Nikarudi mara ya pili, nina hali mbaya zaidi. Minyoo tena. "Unatumia dawa yoyote?" Hapana.

Mnakumbuka miaka ile, ndugu zangu. Mtu akikonda kidogo, akitoka vipele vya kuwasha, hakuna aliyehitaji daktari wa kumwambia. Dawa za kurefusha maisha tulizisikia redioni tu. Kule loji wakaacha kula nilichoshika. Yule mwenzangu akahamishia godoro lake chumba kingine, na hakuomba tena karatasi. Nilikwenda kupima. Nilipokaa kusubiri jibu nilijiuliza nitakufa lini, na kwa nini, maana nilikuwa sijamjua mwanamume. Jibu likatoka kwamba sina. Nikalibeba lile jibu kama cheti cha shule, nikamwonyesha kila mtu. Wakasema kipimo kinadanganya, rudi baada ya miezi mitatu. Meneja, kwa upole, akaniambia niende nyumbani kwanza nipumzike. Mto nikauacha ndani ya sanduku langu stoo, na kufuli juu.

Nikapanda Buger. Aayo, mama yangu, alinipokea vizuri. Alilia, akanipikia uji. Lakini kesho yake niliona kikombe cha bati, cha kijani, kimebonyea ubavuni, kimetundikwa kwenye msumari peke yake, mbali na vyombo vingine. Na bakuli langu chini yake.

Nyinyi mliotoka Kilimanjaro pengine hamjui. Sisi Wairaqw zamani tulikuwa na metimani. Mtu akipatwa na jambo zito, kifo cha aina fulani, au msichana kubeba mimba nyumbani, anakaa kando. Hachangamani na watu, hashiriki vyombo vyao, hadi muda wake uishe. Siku hizi tunasema tumeacha, sisi ni Wakristo. Tumeacha mdomoni. Mikono inakumbuka. Aayo hakutamka neno hilo hata mara moja, ila nilipoinua mkono nichukue kikombe chochote kama nilivyozoea, akasema, "Chako kile pale, mwanangu." Akageuka akakoroga sufuria ambayo haikuwa na kitu cha kukorogwa.

Nawaambia, kuwashwa niliweza. Kile kikombe sikukiweza.

Wiki hiyo hiyo akaja mshenga. Alikaa kwenye ukingo wa kiti. Aayo akampa chai, akasema amekwisha kunywa njiani. Kutoka Baray hadi Buger, amekunywa chai wapi? Akasema kijana ameona wasubiri kwanza. Sote tulijua kusubiri huko ni kwa aina gani. Nilikuwa nyuma ya mlango, nikasikia, na sikulia. Nilikuwa nimechoka sana hata kulia.

Sasa sikilizeni. Nilikaa Buger wiki nne, na vidonge viko Karatu. Vipele vikaanza kukauka. Mwasho ukapungua, nikalala usiku kucha. Wazee wa kanisa walikuwa wameniombea, na Aayo aliniogesha kwa majani anayoyajua yeye, basi kila mmoja akasema ni yeye. Wengine wakanong'ona kwamba Karatu kuna mtu ananiroga, ndiyo maana nikiwa mbali napona. Hata mimi niliamini. Kila kitu kilikuwa mbele ya macho yangu, mkono ukiacha kumeza ngozi inapona, na sikuona.

Nikarudi kazini. Uso ulikuwa umebaki na mabaka, na mimi nikawaza kwamba nikiusafisha kabisa, yule mtu wa Baray atarudi. Nikafungua sanduku, nikafumua mto. Nikameza viwili asubuhi, viwili jioni.

Siku ya nane macho yalivimba yakabaki nyufa tu. Mwili mzima ukawa mwekundu, nina homa, nagusa shuka naumia. Walinipakia nyuma ya pikapu ya mboga, kati ya makreti, wakanipeleka hospitali ile ile, na hakuna aliyepanda nyuma na mimi. Nilishika kabichi moja nisidondoke.

Pale wodini kulikuwa na muuguzi, mama mtu mzima, Mwiraqw mwenzangu, aliyekuwa ameniona hata zile safari mbili za kwanza. Hakuvaa glavu za kunishika mkono. Daktari alipopita aliniuliza lile swali, nikajibu lile jibu, akaandika. Muuguzi akabaki. Akavuta pazia, akakaa kitandani kwangu, kitandani, si kwenye kiti, akaniambia kwa lugha ya nyumbani, "Mwanangu, umeulizwa mara tatu unatumia dawa gani, na mara zote tatu umejibu kabla ya swali kuisha. Mimi nimezaa mabinti watano. Umeficha nini?"

Nikageuzia uso ukutani.

"Kama ni kutoa mimba, sema. Kama ni mkorogo, sema. Kama ni mganga, sema. Aibu nitakusaidia kuibeba, lakini wewe ukifa nitakubebaje?"

Hapo ndipo nilipofunguka, ndugu zangu. Sikuona mwanga wala sikusikia sauti. Nilisikia mama mmoja mwenye miguu imevimba kwa zamu ndefu akipumua karibu yangu, na nikaona amechoka kama mimi. Nikamwambia, "Ndani ya mto. Loji. Ila si vya uzazi, naapa si vya uzazi." Nikalia sasa, kilio chote nilichokikosa kule Buger.

Alimtuma mtu, mto ukaletwa. Wakati huo alikuwepo daktari wa ngozi anayekuja kwa zamu kutoka mbali. Akashika ile karatasi, akasoma, akaketi. Akasema hii ni dawa kali ya chunusi, ya ukoo wa vitamini A. Inafanya kazi, ila hutolewa kwa vipimo vya damu na kwa kufuatwa na daktari. Akasema kuna watu wachache miili yao huikataa, wale askari wa damu wanatoka kwa wingi na kuja kupigana kwenye ngozi. "Ajabu yake," akasema, "kuna wagonjwa wenye vipele vya namna hii hii ambao dawa za ukoo huu huwatibu. Kwako naona imevileta." Hakuapa. Alisema tuache vidonge, tuangalie, na damu yenyewe itajibu.

Nikamuuliza kuhusu picha. Akaigonga kwa kidole. "Maana yake si kuzuia mimba. Ni onyo. Mwanamke anayemeza hii asibebe mimba, inaweza kumharibu mtoto tumboni." Nikamkumbuka mwenzangu aliyeshika kiuno. Angevimeza kila siku akidhani amejikinga, na mimba ingemkuta humo humo. Nilimnyima kwa uchoyo, na sijui hadi leo nimshukuruje Mungu kwa dhambi yangu mwenyewe.

Damu ilijibu. Niliachishwa vidonge, nikapewa dawa za mwasho na za kupaka, na kila wiki nikatobolewa kidole. Siku moja yule mtu wa maabara akaniita niangalie kwenye hadubini. Akanionyesha kioo cha siku niliyolazwa: chembe zimejaa punje za rangi ya mtama mwekundu, huku na huku. Kisha cha siku ile. Nikatafuta sana ndipo nikaipata moja. Akacheka, akasema, "Askari wamerudi kambini."

Kupona kwenyewe kulichukua miezi. Nilipima tena ile nyingine, sina. Mchumba alioa mtu wa Endabash, wana watoto, tunasalimiana. Kazi ya loji sikurudishiwa, kwa sababu nilisema ukweli kuhusu pakiti na mgao, na sheria ilikuwa sheria. Sikupata kila kitu nilichopoteza, na sitawadanganya kwamba nimepata bora zaidi. Nilipata genge pale sokoni, na ngozi hii.

Niliporudi Buger nilimweleza Aayo yote, tangu picha ya yule binti hadi mto. Alisikiliza bila kukatiza. Akaenda kwenye msumari, akashusha kile kikombe cha kijani, hakukiosha. Akachota uji, akanywa yeye mpaka nusu, akanipa nimalizie. Akasema, "Nilikuogopa, mwanangu. Mama anamwogopaje mwanawe?" Ameshatangulia sasa. Kikombe ninacho, hiki hapa, nimekuja nacho kwenye kapu.

Namshukuru yule muuguzi, ambaye sitamtaja kwa sababu hapendi. Nawashukuru mtu wa maabara na daktari wa mbali. Namshukuru hata dereva wa pikapu, hakuwa na la kufanya. Na kwa mabinti zetu wanaofanya kazi maloji, nawaomba sana: kidonge cha mgeni kilipimwa kwa mwili wa mgeni. Na daktari akikuuliza unatumia nini, subiri swali liishe, halafu mwambie hata kile cha aibu. Yeye hana la kukutibu zaidi ya kile ulichomwambia.

Sasa kwa nini leo. Nimewaambia nitasema.

Alhamisi iliyopita chai ilipoletwa, niliona kwenye sinia vikombe vyeupe vyote, na kimoja cha bluu kikawekwa kando, dirishani. Sikuuliza ni cha nani. Nilijua kwa jinsi mmoja wetu alivyoinuka kukichukua bila kuambiwa. Akanywa amesimama, akasema ana haraka. Hakuwa na haraka, dada zangu. Sijui anaumwa nini, na sijaja kumuuliza. Hata kama ni kile mnachodhani, hicho nacho hakipiti kwenye kikombe, tumefundishwa sote, tumeimbishwa hata na watoto wa shule.

Nimekiona tena leo, kile pale dirishani, kimekwisha kuoshwa. Mimi nimemaliza. Chai ikija, dada yangu atanywea hiki changu cha kijani, aketi hapa kwenye mkeka ubavuni mwangu. Na kile cha bluu nileteeni mimi.